Mwalimu Aliyewahesabu Wafalme kwa Mama Zao

"Mtoto wa Kerubo! Hiyo gari ni yako ama umeachiwa uoshe?"

Aliniita hivyo sokoni Nyaramba, mbele ya akina mama wauza ndizi na mbele ya wageni niliokuwa nimewaalika soda, siku ya kwanza niliporudi kutoka Ireland na kuteremka kwenye gari langu mwenyewe. Kerubo ni mama yangu. Huku kwetu mwanamume mzima haitwi kwa jina la mama yake, sembuse mwanamume mwenye diploma ya usimamizi wa hoteli, mwenye nyumba ya mawe ya kuchonga na paa la vigae, na mwenye nyumba ya wageni mjini Nyamira ambako wakubwa wa ofisi za kaunti hupenda kulia nyama. Wageni wangu waliinamisha vichwa wasionekane wakicheka. Mimi nilicheka kwa sauti na kumpa mkono. Ningefanya nini? Alikuwa Mwalimu.

Namwita Mwalimu tu, na watu wa kilima chetu watajua ni nani. Alizaliwa lini na kwa nani, hilo si langu kulieleza. Yeye mwenyewe alizitaja koo za watu wote isipokuwa ukoo wake. Nitakachoeleza ni jinsi mtu aliyefundisha historia katika shule ya mabati alivyokuja kushika mdomoni mwake vitu viwili nilivyovitaka kuliko vyote mwaka huu: kiti cha msemaji wa ukoo wetu, na ndoa ya binti yangu Moraa. Shida ni kwamba vitu hivyo viwili havikuweza kutoka mdomoni mwake pamoja.

Somo lake la kweli halikuwa kwenye silabasi. Alipokuwa chuo cha ualimu alifundishwa na bradha mmoja Mkatoliki kutoka Ireland, na ingawa Mwalimu alikuwa Msabato wa kutochezewa, wawili hao walipatana kwa sababu ya wafalme. Si wafalme wa Uingereza. Wafalme wa Wagaeli, wenyeji wa Ireland wa zamani sana, kabla Mwingereza hajavuka maji kwenda kwao. Kila tulipomaliza sura ya kitabu kabla ya kengele, alifunga kitabu na kuanza.

"Mfalme amekufa," alisema. "Nani anakalia kiti?"

"Mtoto wake wa kwanza!" tulijibu.

"Hao ni Waingereza. Mimi nasema Wagaeli."

Kisha alimsimamisha mmoja wetu mbele awe mzee wa zamani, na nyuma yake akapanga watoto, wajukuu na vitukuu mpaka nusu ya darasa ikawa imesimama. Kwa Wagaeli, alituambia, kila mwanamume aliyetoka kwa mzee mmoja, kushuka hadi vitukuu, aliweza kudai ufalme. Kaka, amu, binamu, mtoto wa binamu, wote walikuwa mbao za kuchongea mfalme.

"Sasa mtazame aliye karibu nawe," alisema. "Asubuhi mlikunywa uji pamoja. Jioni mmoja wenu ni mfalme. Huyu mwingine atalala vipi?"

Siku moja alinipanga karibu na binamu yangu Onsongo, wa nyumba nyingine ya ukoo wetu. Nilimtazama, naye akanitazama. Tulikuwa watoto tu, lakini sidhani kama tumewahi kutazamana kwa namna nyingine tangu hapo. Onsongo sasa ana duka la mbolea na sauti nene, na ndiye aliyekitaka kile kiti cha ukoo sawasawa na mimi.

Mwalimu hakuwaona wafalme wake kuwa watu wakubwa. Kila bonde lilikuwa na mfalme wake, alisema, kama huku kila kilima kina wazee wake, na mfalme mpya alianza kazi kwa kwenda kuiba ng'ombe wa jirani ili watu waone kwamba anaweza. Darasa lilipenda hapo. Babu zetu wote walikuwa wameiba ng'ombe au wameibiwa. Lakini ukicheka sana alikugeuzia shingo. "Unacheka? Mfalme mkubwa alipimwa kwa watoto wa wafalme wadogo aliowashika rehani kwake. Baba zao wakifanya ukaidi, watoto wanauawa. Wewe ungekuwa mtoto huyo, ungecheka na nani?"

Ilimbidi kugeuza shingo kwa sababu jicho lake la kushoto halikuona. Tawi la mchai lilimchoma alipokuwa akipogoa, akiwa bado kijana. Lile jicho jeupe alilifanyia mzaha ambao sisi hatukuthubutu kuufanya. Kwa Wagaeli mtu mwenye kilema hakuweza kuwa mfalme, na kwa hiyo binamu waliogopana na kutoboana macho. Ukimpofusha mwenzako hukuwa na haja ya kumuua. "Mimi ningeishi salama kabisa," alisema. "Tawi lilinifanyia kazi ya binamu." Wazee wa ukoo wake walipomwendea awe mwenyekiti wao, aliwaonyesha jicho hilo na kuwafungia mlango. Walidhani anatania. Walirudi tena, naye akawafungia tena.

Na hapo ndipo alipokuwa mgumu kueleweka. Alilima chai maisha yake yote na hakuinywa, kwa ajili ya dini yake. Alibeba majani yake mgongoni hadi kituo cha kununulia, akagombana na karani kuhusu unyevu wa majani, kisha akarudi nyumbani kunywa maji moto yenye limau. Alituambia kwamba nusu ya nasaba za wale wafalme zilikuwa zimetungwa. Kulikuwa na watu waliosomea kazi ya kukariri nasaba, na kabila dogo likipata nguvu, mkariri alilitafutia babu mkubwa wa kulibandika. Watu waliokuwa wageni jana wakawa wajukuu wa mfalme leo. Alisema haya huku akicheka, halafu kesho yake ungemsikia mazishini akimkatiza mtu kwa sababu ametaja ndugu wawili kinyumenyume.

Mazishini, kwa kweli, alikuwa balaa. Nakumbuka mzee mmoja tajiri alizikwa kijiji cha pili, na familia ikamwita Mwalimu awatajie umati watu wa marehemu, maana hakuna aliyezijua koo za kilima kile kama yeye. Alishika kipaza sauti, akakitazama kwa jicho lake zima, akauliza, "Mke wa kwanza yuko wapi?"

Mwana wa marehemu akamnong'oneza kwamba mama yule alikwishaondoka zamani, asitajwe.

"Aliondoka na tumbo lake?" Mwalimu akauliza, bado kwenye kipaza sauti. "Kama aliwaacha hawa watoto hapa, basi bado yuko." Akarudisha kipaza sauti na kwenda kukaa. Mazishi yalisimama. Watu walianza kurushiana maneno. Mwishowe mtu alitumwa barabarani, na mama yule, aliyekuwa amesimama nje ya ua tangu asubuhi akiogopa kuingia, akaletwa na kuwekwa mstari wa mbele. Familia ile haikumsalimia Mwalimu kwa muda mrefu sana. Alisema hakugundua.

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake kuu, nje ya kanisa. "Mnanitajia baba, baba, baba," alitugombeza. "Hawa wote walizaliwa na ukuta?" Alitusimulia habari za binti wa mfalme aliyeolewa na mfalme, kisha na adui wa mumewe, kisha na mfalme wa tatu, mpaka vita vilipokuja wanawe na waume zake wakawa pande mbalimbali za uwanja mmoja. Ukijua baba zao tu, alisema, hutaelewa kwa nini huyu alimsaidia yule, na kwa nini huyu alikimbilia kwa yule alipofukuzwa. Ukijua mama zao, kila kitu kiko wazi. Ndiyo maana alituita kwa mama zetu. Hakuwa anatutukana, ingawa ilitufikia kama tusi.

Na zaidi ya yote alipenda kueleza malezi yao. Wagaeli hawakuwalea watoto wao wenyewe. Mtoto wa mfalme alipelekwa akiwa mdogo kwa watu wengine, mara nyingi kwa watu wa mama yake, akala kwao, akajifunza kazi na silaha kwao. Akikua aliwapenda walezi wake na watoto wao kuliko ndugu zake.

"Kwa nini, Mwalimu?" niliuliza.

"Kwa sababu ndugu zake ndio waliotaka kumtoboa macho."

Nilipofika Ireland, nikaosha sufuria usiku na kusoma mchana mpaka nikapata diploma yangu bila msaada wa mjomba wala mbunge, nilitafuta siku ya mapumziko na kwenda kukiona kilima cha Tara, kile alichotusimulia kwamba wafalme wakubwa walitawazwa na kugombania kiti pale. Nilimpigia simu nikiwa juu yake.

"Mwalimu, nimefika. Hakuna kitu hapa. Ni nyasi na kondoo."

"Ulitaka waache viti?"

"Nilidhani kutakuwa na jumba."

"Watu waliuana hapo kwa karne nyingi kwa ajili ya nyasi. Sasa umeona. Rudi kazini."

Akakata simu. Nilikuwa nimesafiri nusu siku kwenda kumwonyesha kile kilima. Nilikasirika, lakini nilirudi kazini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwa maana bila hilo nisingeandika.

Msemaji wa ukoo wetu alifariki mwaka huu. Kiti chake si mchezo: ndiye anayesuluhisha mipaka ya mashamba, ndiye anayepokea posa, ndiye anayesimama kaburini. Watu wengi walinitaka mimi. Nasema hivyo bila kujivuna kupita kiasi. Nina nyumba kubwa ya kukutania, najua kuzungumza na wenye ofisi, na vijana kadhaa wa ukoo wanafanya kazi kwangu. Onsongo alijua kwamba hawezi kunishinda kwa kura za wazee. Kwa hiyo alitafuta njia nyingine, nami, bila kujua, nilikuwa nimemfungulia mlango.

Binti yangu Moraa ni muuguzi mjini Kisii. Alikuwa amemleta nyumbani kijana anayeitwa Nyakundi, fundi wa umeme kutoka Marani, kijana mtulivu anayekula alichopewa. Nilimpenda. Nilimkubali. Sikuuliza ukoo wake vizuri, kwa sababu Marani ni mbali na sisi na nilidhani ni watu wengine kabisa. Onsongo ndiye aliyeuliza. Na alipouliza ikatokea kwamba babu za Nyakundi walihama kutoka kilima chetu hiki hiki. Ukoo mmoja.

Mtu wa nje hawezi kuelewa uzito wake. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama hawajawahi kuonana. Wazee huamini kwamba watoto wa ndoa kama hiyo hawatadumu. Wanaokwenda kanisani kila Sabato huamini hivyo hivyo, ila wanalisema kwa sauti ya chini. Onsongo alilisema kwa sauti ya juu, sokoni: mtu anayetaka kuongoza ukoo anavunja mwiko nyumbani kwake.

Moraa alikuja nyumbani Ijumaa, akakaa mezani bila kugusa chakula.

"Tata," aliniambia, kama wanavyowaita baba zao watoto wetu, "usinizungushe. Nimwambie Nyakundi asije tena?"

"Ngoja kikao cha ukoo."

"Kikao ni cha kiti chako."

"Na cha ndoa yako pia. Onsongo amehakikisha."

"Sawa. Lakini ukiwa kwenye hicho kiti, si wewe ndiye utakayesimama na kutangaza kwamba ni mwiko?"

Kazi ya kwanza ya msemaji mpya ingekuwa kuvunja uchumba wa binti yake mbele ya watu. Onsongo alikuwa amepanga vizuri. Nikichaguliwa nitamvunja moyo Moraa. Nikikataa kumvunja moyo, sitachaguliwa.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu. Ameshazeeka sana sasa. Nilimkuta kwenye shamba lake la chai amekaa juu ya kigoda, kisu cha kupogoa mapajani, akimwelekeza mjukuu wake kwa ncha ya fimbo ni tawi gani likatwe. Alimtuma mjukuu akalete maji.

"Mtoto wa Kerubo. Leo huna gari?"

"Nimeliacha barabarani, Mwalimu. Njia yako ni mbaya."

"Njia ni nzuri. Gari ndiyo nene."

Nilimweleza. Alisikiliza ameelekeza jicho zima kwangu. Nilipomaliza alisema, "Ukiwa mtu wa ukoo ule, ni mwiko. Hapo Onsongo hajakosea."

"Nikiwa? Mwalimu, mimi ni wa ukoo ule tangu ulipoanza."

"Nitajie watu wako."

Nikawataja: baba yangu, babu yangu, baba wa babu yangu, na yule mzee aliyefyeka kilima chetu kilipokuwa msitu. Niliwataja haraka, kama mtu anayesoma bango la duka lake.

"Huyo baba wa babu yako, mama yake nani?"

"Bosibori. Mke wa tatu wa mzee."

"Bosibori alizaa mabinti," Mwalimu akasema. "Mabinti watupu."

Sikuelewa mara moja. Alinisubiri, kama alivyotusubiri darasani.

"Bosibori alipoolewa hapa kutoka Bobasi, kwa watu wa ukoo mwingine, alikuja ameshika mkono wa mtoto. Mtoto wa kaka yake. Wazazi wake walikuwa wamekufa kwa ugonjwa. Mzee wa hapa akampokea, akamtahirisha pamoja na wanawe, akampa shamba, akakataza mtu yeyote kuuliza. Akawa mtoto wa nyumba ya Bosibori. Huyo ndiye baba wa babu yako. Nafikiri alipozeeka hata yeye alikuwa amesahau."

"Umeyapata wapi?"

"Jikoni kwa bibi yangu. Wanaume walizungumza nje, wakakosa mambo yote ya maana."

"Nani mwingine anajua?"

"Wamezikwa."

Nilitembea mpaka mwisho wa mstari wa michai nikarudi. Nilikuwa nikipiga hesabu, na najua kupiga hesabu. Kama sisi ni watu wa Bobasi kwa damu, basi Moraa na Nyakundi hawana mwiko wowote. Na kama sisi ni watu wa Bobasi, mimi si mtu wa ukoo huu, na mgeni hawezi kuusemea ukoo. Halafu akili yangu ya biashara ikapata njia ya tatu.

"Mwalimu, sikiliza. Mzee alimpokea kama mwana. Kwa malezi mimi ni wa ukoo, ninaweza kukalia kiti. Kwa damu si wa ukoo, Moraa anaweza kuolewa. Wagaeli wako wenyewe walithamini malezi kuliko damu!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Hivyo ndivyo walivyosema nao. Kila mmoja alitaka awe ndugu siku ya kiti na awe mgeni siku ya harusi. Ndiyo maana walimaliza macho ya watu." Akaacha kucheka. "Utaingia kwa mlango mmoja, mtoto wa Kerubo. Ukisema tu baba, baba, baba, kama ulivyonitajia sasa hivi, utapata kiti na mimi sitafungua mdomo. Hawataniuliza, kwa sababu hawajui cha kuuliza. Ukimtaja Bosibori, nitathibitisha. Lakini sitatangulia mdomo wako. Hili si jambo la wafalme wangu, ni la binti yako."

Sikulala vizuri wiki ile. Watu wanafikiri mtu kama mimi, aliyejitengeneza mwenyewe, hajali mambo ya ukoo. Si kweli. Nilipokuwa nikiosha sufuria ugenini, nikisukumwa kama mtu asiye na kwao, kitu kilichonishikilia ni kwamba mimi nilikuwa na kwetu. Kwamba kuna kilima ambacho mzee wangu alikifyeka kwa mikono yake. Nilitaka kurudi na kukaa juu ya kilima hicho. Sasa naambiwa mzee wangu alifika hapo ameshikwa mkono.

Kikao kilifanyika Jumapili, nyumbani kwangu, kwa kuwa hakuna sebule nyingine kwenye kilima chetu inayowatosha wazee wote. Walijaa kwenye makochi na viti vya plastiki tulivyokodi. Wazee wa Marani walikuja pia, tawi lao, pamoja na baba yake Nyakundi, mtu mpole aliyeweka kofia yake juu ya goti. Mwalimu alialikwa kama jirani, kusikiliza, kwa sababu hakuna kikao cha nasaba kilichoaminika kama hakuwepo. Aliletwa na pikipiki na kuingia akimlaani dereva kwa Kiswahili cha kitabuni. Moraa alikuwa jikoni na mama yake. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo.

Onsongo alisimama kwanza.

"Wazee wangu, kabla ya kiti, tusafishe nyumba. Mwenye nyumba hii ni ndugu yangu. Nampenda."

"Tunajua unavyompenda," mzee mmoja akasema, na watu wakacheka kwa woga.

"Nampenda! Lakini binti yake ametaka kuolewa na kijana wetu wa Marani. Aseme mwenyewe mbele yenu kwamba uchumba huo umekwisha. Akisema hivyo, mimi nitakuwa wa kwanza kumpigia kura."

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kijivu. Wazee wale wote walinitazama kwa wema, na niliona kwamba kiti ni changu. Ilibaki sentensi moja tu. Mwalimu alikuwa ameshikilia fimbo yake kwa mikono miwili, akitazama sakafu ya vigae.

"Nitataja watu wangu kwanza," nikasema.

"Tunawajua," Onsongo akasema. "Ni wetu."

Nikamtaja baba yangu. Nikamtaja babu yangu. Nikamtaja baba wa babu yangu, na wazee wakaitikia kwa vichwa, maana waliijua njia ninayopita. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini jikoni. Nilifikiri: diploma yangu sikupewa na babu. Mawe ya nyumba hii sikupewa na babu. Hakuna kitu nilicho nacho ambacho nilirithi, isipokuwa hiki kiti ambacho bado sijakikalia.

"Baba wa babu yangu aliletwa hapa na Bosibori," nikasema. "Alikuwa mtoto wa kaka yake, yatima, kutoka Bobasi. Mzee wa kilima hiki alimlea. Hakumzaa."

Kulikuwa na kelele. Wazee wawili walisimama, mmoja akasema nimelewa, mwingine akasema mtu hawezi kujivua nguo namna hiyo mbele ya watu. Kisha wote, kama waliovutwa kwa kamba moja, wakamgeukia Mwalimu.

"Ni kweli," Mwalimu akasema.

Onsongo alichukua muda kuelewa alichokipata. Uso wake ulifunguka polepole. "Kwa hiyo wewe ni mgeni," akasema. "Huna kiti hapa. Huna hata sauti hapa."

"Sina kiti," nikasema. "Lakini kama mimi ni mgeni, Moraa si dada yenu. Hapo hakuna mwiko. Mwenye kusema kuna mwiko aseme sasa."

Baba yake Nyakundi aliichukua kofia yake kutoka gotini, akaigeuza, akairudisha.

Kwetu siku ya posa watu hukaa pande mbili, wa bwana huku na wa bibi kule, na hawachanganyiki, kisha wa bibi huwauliza wageni wamekuja kutafuta nini. Nilitazama sebule yangu na kuona kwamba makochi yote, na viti vyote, vilikuwa upande mmoja. Nilichukua kiti kimoja cha plastiki, nikakivusha hadi ng'ambo, karibu na mlango wa jikoni, nikakaa peke yangu nikiwaelekea. Mtu aliguna. Posa haipokelewi na mtu mmoja. Lazima awe na watu wake, na watu wangu walikuwa wamebaki kule.

Fimbo iligonga sakafu. Mwalimu alikuwa akijiinua, taratibu, akikataa mkono wa kila aliyetaka kumsaidia. Alivuka sebule akiburuta kiti chake mwenyewe, miguu ya kiti ikikwaruza vigae vyangu, akakiweka kando yangu na kukaa.

"Mwalimu!" Onsongo akapaza sauti. "Wewe huko unakaa kama nani?"

"Bibi yangu na Bosibori walikuwa mtu na dada yake," Mwalimu akasema. "Waliolewa huku kwa kufuatana. Huyu ni mtoto wa kwetu." Akaweka fimbo kati ya magoti, akageuza shingo ili jicho lake zima liwapate wote, wa kilima chetu na wa Marani. Nyuma yetu mlango wa jikoni ulifunguka zaidi.

"Haya, watu wazuri," akasema, "mmeingia nyumbani kwetu mmejaa hivi. Mmekuja kutafuta nini?"